Kichochoro Ambacho Hakuna Aliyekiuza

Alasiri moja ya mwezi wa Agosti, Bi Tafida alikuwa ameketi sakafuni katika nyumba yake ya ghorofa ya nne, akichambua majani ya mlukhiya, mboga ya kuteleza kama mlenda, kwenye sinia, mgongo ameuegemeza mlangoni. Hakukaa pale kwa kupenda. Ufunguo wa mlango alikuwa ameufunga kwenye pindo la mtandio wake, na mumewe, Ami Shaaban, alikuwa amesimama mbele yake, amevaa viatu na kofia yake ya sufu.

"Nipishe, Mama Karima," alisema mzee. "Nanyoosha miguu kidogo, narudi sasa hivi."

"Unanyoosha wapi?"

"Si hapo kichochoroni."

"Kichochoro hapa hakuna, Baba Karima. Kaa nikutilie chai."

"Chai nitakunywa kwa Metwalli."

Akakaa. Kabla majani hayajafika nusu ya sinia akainuka tena, akaomba tena, kwa adabu ile ile ya mtu anayeomba kwa mara ya kwanza. Bi Tafida akamjibu tena kwa upole ule ule. Hivyo ndivyo zilivyokwenda alasiri zao tangu wahamie.

Ami Shaaban alikuwa fundi wa majiko ya mafuta ya taa, na mikono yake ilijulikana Kairo ya zamani yote. Akili ilianza kumponyoka taratibu, kama mafuta yanayovuja kwenye jiko bovu, tangu siku walipokuwa bado wanaishi Kichochoro cha Birika. Lakini kule hakuna aliyeuhesabu kuwa ni ugonjwa. Kichochoro kile kiliingilia nyuma ya soko la viungo, kikapinda mara moja kama kiwiko cha mkono, kikaishia kwenye ukuta. Hakikutokea popote. Upana wake ulikuwa wa watu wawili wenye mbao za mikate vichwani, mmoja akimpisha mwenzake kwa bega. Mzee aliyepotewa na fikra aliweza kwenda kulia au kushoto. Akienda kulia aliukuta ukuta, akageuka. Akienda kushoto alimkuta Metwalli, mpiga pasi, kwenye meza yake pale mdomoni mwa kichochoro, naye Metwalli alisema bila hata kuinua macho kwenye shati la watu: "Ami Shaaban, Bi Tafida anakuita."

Bi Tafida hakuwa amemwita. Lakini mzee aligeuka, akarudi, na heshima yake ikabaki mahali pake. Njiani, Bi Inshirah alichungulia dirishani na kumtania: "Ami Shaaban, leo umevaa kandambili za mkeo, mmebadilishana na kazi? Basi kapike!" Naye mzee alicheka, akatazama miguu yake, akacheka zaidi. Na Bi Tafida aliendelea na chungu chake, mlango wazi.

Kisha wakaja watu wa barabara. Ilitakiwa barabara pana ya kuunganisha uwanja mkuu na barabara ya mzunguko, na kwenye ramani ilipita juu ya Birika kama kisu juu ya jibini. Walizinunua nyumba moja baada ya nyingine, kila mwenye nyumba kwa wakati wake na mlango wake umefungwa. Kila familia ikapewa makazi kwenye majengo mapya, kule ambako mji unakoma na jangwa linaanza. Siku ya kuhama, Bi Tafida alinyunyiza maji mbele ya mlango wake na kufagia, kama kila alasiri. Alifagia hadi kwenye kona. Kila mtu alifikiri kichochoro kitakwenda na nyumba, kama vile kivuli kinavyokwenda na mtu.

Haki isemwe: makazi mapya yalikuwa na bafu zuri na maji ya bomba, na Bi Tafida alilipenda bafu lile na alisema hivyo waziwazi. Lakini barabara za kule zilikuwa pana na zimenyooka, zote sawasawa, na majengo yalitofautiana kwa namba tu. Hakuna aliyeketi nje, kwa sababu nje hapakuwa na mahali pa kuketi isipokuwa juani. Mara ya kwanza Ami Shaaban aliponyoosha miguu, aliokotwa kesho yake kwenye matanuru ya matofali, midomo imepasuka. Mara ya pili alikutana na jirani wa jengo lao hilo hilo, wakasalimiana vizuri, na jirani akaenda zake, maana hakumjua. Toka hapo mlango ukafungwa kwa ufunguo, na mzee akaanza kukonda.

Sasa alasiri hiyo ya Agosti alikuja mwuza gesi, akigonga mitungi yake kwa spana ngazini. Bi Tafida akafungua mlango, akaenda jikoni kuvuta mtungi mtupu. Aliporudi, mwuza gesi yupo, mzee hayupo.

"Mzee yuko wapi?"

"Amesema anakwenda kichochoroni," alijibu mwuza gesi. "Nikampisha."

Bi Tafida alizunguka majengo akiita. Alikwenda matanuruni, hayuko. Hapo ndipo alipopanda basi dogo la kuelekea mjini, sinia la mlukhiya bado mkononi, kwa kuwa alisahau kuliweka.

Barabara mpya ilikuwa imefunguliwa majuma machache tu yaliyopita. Hapakuwa na mti hata mmoja, na lami iling'aa kama maji. Basi lilifika karibu na nyuma ya soko, likasimama nyuma ya msururu wa magari yaliyozima injini. Bi Tafida akashuka, akaenda kwa miguu hadi mbele. Pale mbele palikuwa na basi dogo jingine, limekwama katikati ya barabara, vioo vyake vya pembeni vimevunjika vyote viwili na rangi imechubuka pande zote. Halikuwa limegonga kitu. Kulia kwake hakukuwa na kitu na kushoto kwake hakukuwa na kitu, na katikati ya hivyo vitu visivyokuwapo lilikuwa limebana kabisa. Abiria walikuwa wanatokea kwenye dirisha la nyuma, wakipokezana mizigo.

Mbele ya basi lile, juu ya lami, kulilala kivuli. Kilikuwa na upana wa watu wawili wenye mbao za mikate. Kiliikata barabara kwa mshazari, kikapinda kama kiwiko cha mkono, kikaishia ghafla. Ami Shaaban alikuwa anatembea ndani yake, mikono nyuma, kofia imekaa sawa.

"Mama, huyu mzee ni wako?" alisema dereva, akijifuta jasho. "Kaniambia nimshushe Birika. Nikamwambia, mzee, Birika imevunjwa, hakuna Birika. Akaniambia, wewe nenda tu. Haya, tazama vioo vyangu!"

"Pole, mwanangu. Ulipiga hodi?"

"Nipige hodi na basi?"

"Hapa hapaingiliwi hivi hivi," alisema Bi Tafida. Akaingia kivulini. Palikuwa baridi kama ndani ya mtungi wa maji, na kelele za magari zilisikika kutoka mbali, kama zinavyosikika nyuma ya kuta nene. Alivua viatu vyake vya kutokea, akakaa mahali ambapo palikuwa na kizingiti chake, akamalizia mlukhiya. Mumewe alikwenda hadi mwisho, akaukuta ukuta usiokuwapo, akageuka. Alipompita alimsalimu.

Habari zilifika kwenye majengo kabla ya jua kuchwa. Kesho yake alikuja Bi Inshirah, akihema, amebeba kigoda chake.

"Sikusema mimi?" aliuliza.

"Ulisema nini, shoga?"

"Sikumbuki, lakini nilisema." Akaweka kigoda chini ya dirisha lake, ambalo halikuwapo, akaketi. "Alhamdulillahi. Magoti yangu yamejua yamefika nyumbani."

Metwalli alikuja na meza yake na jiko la kupashia pasi. Ami Shaaban alilitazama jiko lile kidogo, akapiga magoti, akalizibua kwa sindano. Moto ukatoka wa buluu. Mikono haikuwa imesahau kitu. Siku zilizofuata waliendelea kuja, wakipanda mabasi ya asubuhi na chakula kwenye vikapu, na jioni wakirudi kwenye majengo, kwani kichochoro kilibaki lakini nyumba hazikubaki, na hakuna awezaye kulala juu ya lami. Wanawake walikaa na nguo zao za nyumbani. Zamani mwanamume mgeni akitaka kuingia kichochoroni alikohoa kwanza na kusema kwa sauti "Ya Satir!", ili wanawake wapate kujisitiri. Sasa madereva wa malori waliokuwa wakikwepa kivuli kile walijikuta wanapunguza redio, wanasafisha koo, na kusema "Ya Satir" usukani mkononi. Hakuna aliyewafundisha. Wachuuzi wa mikate walipita humo kwa baiskeli, mbao vichwani, wakafika mwisho, wakageuka. Askari wa usalama barabarani alipanga koni zake kufuata ukingo wa kivuli, na siku za joto kali alivuta mguu mmoja ndani.

Mwezi wa pili tangu waanze kurudi, alikuja mhandisi Wagdi, kijana mwenye miwani ya jua na mkanda wa kupimia. Alikohoa kabla ya kuingia, na Bi Tafida alilithamini jambo hilo. Alinyoosha kiganja hewani, kikagota. Alipokivuta kilikuwa na chokaa nyeupe. Akaifuta kwenye suruali, akaandika.

"Mama zangu," alisema, "hiki kichochoro kwenye ramani hakipo."

"Basi pitisha magari kwenye ramani," alisema Bi Inshirah.

Metwalli akacheka hadi akaunguza kola ya shati.

Mhandisi hakukasirika. Alikubali chai. Alieleza kwamba amepekua kumbukumbu na ameelewa tatizo liko wapi. Nyumba zote zilinunuliwa kihalali. Lakini kichochoro kisichotokea popote, kwa desturi ya zamani kuliko ofisi yake, ni mali ya wote wenye milango humo. Hakuna anayeweza kufungua dirisha jipya, wala kuweka benchi, wala kukiuza, bila ya wote kuridhia. Na siku ile ya kununua nyumba hakuna aliyefikiria kukinunua, wala aliyefikiria kukiuza. Kwa hiyo hakikuondoka.

"Ni kosa la kiofisi," alisema mhandisi. "Linarekebishika. Wakiridhia wote, kitakwenda chenyewe."

"Na sisi tutapata nini?" aliuliza Metwalli.

"Lifti. Lifti za majengo yenu zitatengenezwa, zote. Nimezungumza na wakubwa."

Bi Inshirah alikuwa anakaa ghorofa ya tisa. Alikuwa akishuka alfajiri na kupanda magharibi, akipumzika kila ngazi kama mtu anayehesabu dhambi zake, na kuna siku mbili alilala kwa jirani wa ghorofa ya tano kwa kushindwa. Alitazama magoti yake. Kisha akamtazama mhandisi.

"Lifti ya kweli? Inayopanda na kushuka?"

"Inapanda na kushuka, mama."

"Nipe hiyo kalamu," alisema. Hakumtazama Bi Tafida.

Metwalli naye akaridhia, kwa kuwa mama yake hakuwa ametoka nje tangu wahamie. Wengine waliridhia mmoja mmoja, kila mtu na mgonjwa wake au mtoto wake mchanga, na hakuna wa kuwalaumu. Ikabaki nyumba ya Ami Shaaban. Mhandisi alimfuata mzee alipokuwa anatembea, akarekebisha hatua zake zilingane na za mzee.

"Ami Shaaban, unaishi wapi?"

"Hapa."

"Nyumba ipi?"

Mzee alinyoosha mkono, akagusa hewa, akaupapasa mlango wake kuanzia juu hadi kwenye kitasa. "Komeo limelegea," alisema. "Nitalikaza."

Mhandisi akarudi kwa Bi Tafida. "Mzee hawezi kuridhia kisheria," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini wewe unaweza kwa niaba yake. Mama, mimi nina baba. Naelewa. Lakini ni watu wengi wanaosubiri lifti."

"Nikuulize kitu, mwanangu."

"Niulize."

"Barabara za kule kwetu mmezifanya pana hivyo za nini? Magari yenyewe hayapo."

"Kwa ajili ya magari ya baadaye."

"Mume wangu yupo sasa," alisema Bi Tafida.

Mhandisi akanywa chai yake. Majirani walikuwa wameacha shughuli zao, na Bi Tafida aliona hata pasi ya Metwalli imesimama. Alijua wanachokitaka na alijua hawatakisema. Alimtazama mumewe akienda kwenye ukuta. Alimtazama akigeuka peke yake, bila kushikwa mkono, bila kuitwa, kama mtu mzima. Kisha akasema hapana.

Bi Inshirah alinyanyuka, akageuza kigoda chake, akaketi akimpa mgongo.

Siku nyingi ikawa hivyo. Walikuja basi moja, wakakaa kichochoro kimoja, na mgongo wa Bi Inshirah ukawa ndio jirani wa Bi Tafida. Alizungumza naye kwa kupitia watu. "Metwalli, mwambie huyo asiyejua magoti ya watu kwamba mlukhiya wake una mchanga." Na Bi Tafida alijibu, "Metwalli, mwambie aje anionyeshe mchanga uko wapi." Metwalli alipeleka maneno yote mawili, ingawa waliketi umbali wa mkono. Bi Tafida hakumwonea uchungu. Jioni, waliporudi kwenye majengo, alimtanguliza mumewe ndani, akafunga kwa ufunguo, akashuka, akamkuta shoga yake ameketi kwenye ngazi za chini. Akamshika kwapani, wakapanda wote hadi ya tisa, bila kusemeshana hata neno. Kila jioni. Huko juu Bi Inshirah aliingia na kufunga mlango bila kuaga.

Siku moja tu, walipokuwa wanapumzika ghorofa ya saba, Bi Inshirah alisema kwa kuuambia ukuta: "Jana nilimwona amefika pale mdomoni mwa kichochoro. Metwalli alikuwa amekwenda kununua mafuta ya taa."

"Ikawaje?"

"Nikamwambia unamwita." Akashusha pumzi. "Usifikiri nimekusamehe."

"Sifikiri, shoga. Inuka, bado mbili."

Watu wa barabara hawakurudi na kalamu. Walirudi na nguzo. Walizisimika nje ya kivuli, pande zote mbili, wakajenga juu yake daraja refu la zege, na magari yakaanza kupita angani bila kugusa kitu. Siku ya kulizindua palikuwa na utepe na hotuba, na katika hotuba daraja lilisifiwa kwa kuokoa muda wa wananchi. Mhandisi Wagdi alishuka baadaye peke yake kuwasalimu. Alisema fedha za daraja zilitoka kwenye fungu la lifti. Alisema pia kwamba, kwa vile sasa magari hayapiti hapa chini, kichochoro kimeingizwa kwenye ramani, kwa rangi ya kijivu, kama eneo lisilotumika. Metwalli alimpigia pasi koti lake, hakutaka kitu.

Kivuli cha daraja kiliangukia juu ya kivuli cha kichochoro, na mgeni hakuweza tena kuvitofautisha. Wenyewe waliweza. Cha daraja kilikuwa na joto na moshi. Cha kichochoro kilikuwa na baridi ya kuta zao, na mtu aliyekuwa akipita kutoka kimoja kwenda kingine alihisi shingoni pale hasa penye mpaka. Humo walikaa, asubuhi hadi magharibi, wakichambua, wakipiga pasi, wakiteta. Ami Shaaban alirudisha mwili kidogo. Bi Inshirah aligeuza kigoda chake nusu, akabaki ubavu.

Nyumba hazikurudi. Jua lilipozama, kivuli kilitawanyika gizani pamoja na vivuli vingine vyote, na ikawa lazima kuondoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa ngumu. Ami Shaaban alisimama mbele ya mlango wake na kungoja ufunguliwe. Alingoja kwa subira, kama mtu anayejua mkewe yuko jikoni na mikono ina unga. Bi Tafida alikuja nyuma yake, akamgusa bega.

"Twende, Baba Karima. Basi linaondoka."

Kwenye basi mzee alitazama nje. Walifika kwenye majengo, wakapanda, Bi Tafida akafungua mlango wa ghorofa ya nne, akamwingiza, akazungusha ufunguo kwa nyuma na kuufunga kwenye pindo la mtandio. Mzee alitazama dari, na kiti, na meza yenye kitambaa cha plastiki.

"Tumekuja kwa nani?" alinong'ona.

"Kwa watu tu," alisema Bi Tafida. "Tunalala, asubuhi tunarudi."

Mzee alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Akaketi kwenye ukingo wa kiti, magoti pamoja, kofia mapajani, kama mgeni asiyetaka kuchafua. Alipoletewa chai aliipokea kwa mikono miwili.

"Tusikae sana," alimwambia mkewe polepole, asije mwenye nyumba akasikia. "Watu wana shughuli zao."